Nesto Alipofumba Mdomo

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti wa jirani yangu kwenye ofisi ya ustawi wa jamii. Ana mtoto mmoja mgongoni na mwingine ndiyo kwanza anatembea, mume kahamia kwingine, na mwenyewe hajawahi kuingia ofisi ya serikali bila mtu wa kumtangulia. Tukakaa kwenye benchi la nje tukisubiri kuitwa. Mvua ilikuwa imenyesha, korido imepigwa deki kwa sabuni ya unga, na ndani ya harufu ile ya sabuni mlikuwa na harufu nyingine: makoti mabichi, maziwa yaliyochacha kwenye nguo za watoto, watu walioamka mapema mno wakatembea mbali. Sikuwa nimeinusa harufu hiyo tangu nikiwa darasa la tatu. Yule binti akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni uchovu tu. Na kweli ulikuwa uchovu, ila haukuwa wa siku ile.

Wakati huo tulikuwa tunaishi mjini, mtaa wa Milanzi, kwenye vyumba viwili vya kupanga vilivyotazama uwa mmoja na wapangaji wengine. Baba alikuwa seremala. Alifanyia kazi barazani, na mimi na mdogo wangu Nestori, ambaye kila mtu alimwita Nesto, tulikulia kwenye maranda yake kama vifaranga. Mama alikuwa na kazi kwenye mashine ya kusaga, akipima nafaka na kukinga unga. Alirudi jioni nyusi zikiwa nyeupe siku za mahindi, na rangi ya udongo siku za ulezi, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu, akatuomba tusimsemeshe kwanza. Nilidhani ni mlio wa mashine uliokuwa bado masikioni mwake. Sasa nina kazi na watoto, najua haukuwa mlio wa mashine peke yake.

Wa rika langu mnakumbuka wazazi wetu walivyogombana. Hawakupiga kelele. Walihamia kwenye Kifipa, kile kizito cha wazee, wakidhani sisi tuliozaliwa mjini hatukipati. Tulikuwa tunakipata vizuri. Ugomvi wao ulianza babu alipofariki kule Ilemba, bondeni, akaacha shamba la mpunga lisilo na wa kulilima. Baba alitaka sote tushuke. Kazi ya mbao ilikuwa imepungua, watu wananunua vitanda vya chuma na makochi ya dukani, na yeye alikuwa amechoka kukaa barazani akitazama barabara. Mama hakutaka. Aliwahi kuishi kule mwanzoni mwa ndoa, chini ya mama mkwe, na alisema harudi kuishi kwa kuomba ruhusa ya kuchukua chumvi. Waliyazungumza hayo msimu mzima, hadi maneno yakawaishia. Ndipo baba akafunga randa na misumeno yake kwenye gunia, akapanda lori la mizigo asubuhi moja ya kipupwe, upepo ukikata masikio. Alituambia anakwenda kutengeneza shamba. Mimi nilielewa kwamba shamba likishatengenezeka atarudi.

Alirudi kweli, ila kama mgeni. Mara ya kwanza alilala chumbani. Mara iliyofuata alilala kwenye mkeka sebuleni. Baadaye akawa anafika asubuhi na kuondoka alasiri, na mama akawa na kazi mashineni hata Jumapili. Siku moja akaja na mdogo wake, baba mdogo wa Ilemba, mtu mwenye sauti ya kikao. Baba mdogo ndiye aliyezungumza. Alisema ndoa ikishindikana watoto ni wa ukoo, na ukoo uko Ilemba. Wa kike akibaki kwa mama yake si neno, lakini wa kiume anahitajika nyumbani. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema watoto hawa wanasoma hapa na kulala hapa, na anayewataka akawadai huko wanakodaiwa watoto. Sikuwa najua kuna mahali kama hapo. Nikafikiri labda ni nyuma ya soko kuu, kwamba watu wanapanga foleni huko wanadai watoto, wanapewa, wanaondoka nao.

Kumbe penyewe palikuwa pengi. Walianza kwa katekista, aliyewaombea na kuwapa muda wa kutafakari. Wakaenda baraza la kata, ambako wazee waliwakalisha mara kwa mara wakiwauliza kama hakuna namna ya kurudiana, hadi wazee wenyewe wakachoka, wakaandika kwamba usuluhishi umeshindikana. Ndipo shauri likafika mahakama ya mwanzo. Kila tarehe ilipofika mama aliomba ruhusa kazini, akavaa kitenge chake cha kanisani, na kila mara alirudi na jibu moja: limeahirishwa. Neno hilo nililijua kulitamka kabla sijajua kuliandika. Nilipomuuliza maana yake alisema maana yake ni kwamba atakwenda tena.

Jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Gaudensia, mjane aliyeuza maharage sokoni, ndiye aliyekuwa akimtuliza. Jioni moja wao walikuwa wanapeta ulezi uani, mimi naosha vyombo. Mama Gaudensia akamwambia asiwe na hofu juu ya Nesto, kwa sababu mtoto aliye chini ya miaka saba sheria humwacha kwa mama.

"Kazi ni baadaye," akasema. "Akishafika saba, akaanza kung'oa meno ya utoto, hapo na baba ana neno."

Alikuwa anarahisisha, kama tunavyorahisisha sheria tunapozungumza na mtu aliyelemewa. Mimi nilichukua kila neno lilivyo. Niliona mtu wa serikali anakuja na daftari, anamwambia Nesto afungue mdomo, anakuta pengo, anamkabidhi kwa baba mdogo. Niliona hivyo kwa uwazi kwa sababu Nesto alikuwa na miaka sita, na jino lake la chini la mbele lilikuwa tayari linacheza.

Nilianza kazi siku hiyo hiyo. Nilimkataza mahindi ya kuchoma. Nilimkataza miwa. Viazi nilimpondea, nyama nilimchania kwa vidole, na ikiwa ni karanga nilizila mimi mbele yake huku akinitazama. Nesto alikuwa mtoto wa kutii. Ukimwambia jambo kuwa ni sheria, alilishika kuliko aliyelitunga. Nilimweleza kwamba jino lile likitoka atakwenda Ilemba na hatatuona tena, na kwamba asimwonyeshe mtu yeyote mdomo wake, hasa mtu wa serikali. Akauliza mwalimu wa awali ni wa serikali? Nikafikiri, nikasema ndiyo. Mwenyekiti wa mtaa? Ndiyo. Akafikiri kidogo, akauliza: "Na baba?"

Sikuwa nimelitazama hilo. Nikamwambia baba si wa serikali, ila ndiye anayekuja kuangalia.

Kwa hiyo baba alipokuja tena, akiwa na mfuko wa mchele mpya na ndizi zilizoivia safarini, Nesto alimwamkia kwa kuinama bila sauti. Baba alikuwa na mchezo naye wa siku nyingi: baba anapiga mluzi, Nesto anajibu. Akapiga. Nesto akabana midomo hadi ikageuka nyeupe. Baba akapiga tena, taratibu zaidi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyokuwa na ufunguo wake. Kisha akaacha. Alimpakata, akamuuliza habari za shule, na Nesto akajibu kwa kichwa, ndiyo na hapana, hadi saa ya lori ikafika.

Mlangoni baba akamwambia mama, kwa sauti ya chini: "Umemfundisha mtoto asiniongeleshe."

Mama alisema hajamfundisha mtu chochote. Alisema hivyo kwa uchovu, bila kuapa, na nadhani ndiyo sababu baba hakumwamini. Lakini mama naye alikuwa ameona, na usiku wake wa mawazo ukampeleka kwingine. Alikumbuka kwamba safari iliyopita baba alikwenda na Nesto matembezi hadi karibu na uwanja wa ndege, wawili tu. Akaanza kujiuliza huko njiani mtoto aliambiwa nini, au alifanywa nini. Mimi nilikuwa nawatazama wote wawili. Sikuunganisha kabisa ukimya wa Nesto na kazi yangu. Kwangu mimi ile ilikuwa siri iliyokuwa inafanya kazi vizuri.

Mambo hayo mawili yakaingia mahakamani. Baba akamweleza hakimu kwamba mama anawatia watoto sumu wamchukie. Mama akamweleza hakimu kwamba mtoto amekuwa bubu mbele ya baba yake na hajui alitishwa na nini. Hakimu, ambaye sikumwona hata siku moja, aliagiza ustawi wa jamii wawaite wote, wazazi na watoto, wachunguze na kumpa taarifa ndipo aamue watoto wakae na nani, waonane vipi na mzazi wa pili, na nani atoe nini katika matunzo. Nyumbani tukaanza kusikia jina la Mama Ustawi. Mama Ustawi kasema tuje mapema. Mama Ustawi hataki watu wa pembeni. Kwa kuwa kwetu kila mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake, nilielewa kwamba ana mtoto anaitwa Ustawi, na nikawa na hamu ya kujua huyo mtoto anakaa kwa nani.

Siku ya kwenda kulikuwa na ukungu. Mama alitupikia uji wa ulezi, tukanywa tumesimama. Tulipofika baba alikuwa ameshafika, amekaa mwisho wa benchi na koti la marehemu babu, miguu ina vumbi jekundu la safari. Alikuwa ameshuka kwenye lori alfajiri. Mama akamwamkia, akaitika. Akakaa mwisho mwingine wa benchi, sisi katikati. Watu waliingia na kutoka. Mwanamke mmoja alitoka analia bila sauti, mwanamume aliyefuatana naye akamshikia mtoto ili afunge vizuri kitenge, kisha wakaachana kwenye ngazi kila mmoja na njia yake. Nesto hakusema neno asubuhi yote. Nilimsifu moyoni.

Mama Ustawi alikuwa mwanamke mnene mwenye sweta la kijivu na miwani iliyoning'inia kifuani. Chai yake ilikuwa imepoa na kufanya utando. Tulimwamkia shikamoo, mimi kwa mdomo, Nesto kwa kichwa. Alianza na mimi: nalala wapi, nani ananiogesha, nani anakwenda shule nikiitiwa mzazi. Nilijibu vizuri. Akamgeukia Nesto, akamuuliza jina lake. Kimya. Akamuuliza anapenda kula nini. Kimya. Akatoa biskuti kwenye mtoto wa meza. Nesto akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mfukoni. Mama Ustawi akamwomba baba atoke nje. Akauliza tena, kimya. Baba akarudi, mama akatoka. Kimya. Nesto alikuwa amekaza mashavu, machozi yanataka kuja, na alikuwa akimeza mate kila mara kama mtu mwenye donda la koo.

Mama Ustawi alivaa miwani akaandika kwa muda mrefu. Kisha akawarudisha wote wawili, akazungumza nao bila ukali. Alisema yeye ameona watoto wengi wa wazazi wanaotengana, na mtoto wa umri huu kukataa kufungua mdomo mbele ya baba, mbele ya mama, na mbele ya mgeni si aibu ya kawaida. Kuna aliyemtisha. Hawezi kumwandikia hakimu kwamba mtoto akae kwa baba wala kwa mama kabla hajajua ni nani. Ikibidi, atapendekeza mtoto akae kwanza kwa ndugu mwingine, au kwenye nyumba ya kulelea watoto, huku wakichunguza.

Mama alishika ukingo wa meza. Baba akasimama, akakaa, akasimama tena. Kila mmoja akamtazama mwenzake, na sikuwahi kuwaona wakitazamana hivyo, kama watu wawili ambao kila mmoja amemshika mwenzake mkono kwenye mfuko wake. Mimi nilikuwa nimesikia jambo moja tu: kwamba anachukuliwa, na safari hii hata si Ilemba.

Nikasema, hakuna aliyeniuliza: "Bado ana miaka sita. Meno yake yote yapo."

Mama Ustawi akaweka kalamu chini. "Meno yamefanyaje?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia mwisho, nikimtaja Mama Gaudensia na ulezi na mahindi ya kuchoma, lakini alinisubiri. Alipoelewa akavua miwani. Akamwita Nesto karibu. Nesto akanitazama mimi, si mama, si baba, na mimi nikamkubalia kwa kichwa. Akafungua mdomo.

Palikuwa na pengo. Na juu ya ulimi wake, ndani ya mate yenye damu, palikuwa na jino.

Mama Ustawi akakinga kiganja chake, na Nesto akalitema humo taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akamuuliza lilitoka saa ngapi.

"Kwenye uji," akasema Nesto. Ndiyo lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. Alikuwa amelishikilia tangu nyumbani, njia nzima, benchini, maswali yote, mdomoni. Hakuwa ameniambia hata mimi, kwa kuwa alijua ningelia.

Hakuna aliyecheka. Tulicheka miaka mingi baadaye. Mama Ustawi alilifunga jino kwenye kipande cha karatasi, akamrudishia mwenyewe. Kisha akanieleza mimi, kama anavyoelezwa mtu mzima. Alisema ni kweli sheria inaona ni vizuri mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama, lakini hata hilo hutazamwa na kupimwa, na siku mtoto akitimiza saba hakuna anayekuja kumchukua. Hakimu anatazama kipi kitamfaa mtoto: anasoma wapi, anatunzwa na nani, amezoea wapi, na mwenyewe anasemaje kama amefika umri wa kusema. Wazazi wakiachana, mtoto haachwi na yeyote kati yao.

"Sheria haihesabu meno, mwanangu," akasema.

Baba alikuwa amekaa, viwiko kwenye magoti, uso kwenye viganja. Nilimwona mgongo unakwenda juu na chini ndani ya koti lile kubwa. Alipoinua kichwa alizungumza na Mama Ustawi kana kwamba sisi wengine tumeshatoka.

"Andika wakae kwa mama yao," akasema. "Mtoto ameshikilia jino mdomoni asije kwangu. Mimi nidai nini tena? Nimechoka, mama. Andika."

Nilitegemea mama afurahi. Alikuwa ameshinda, hata mimi nililiona hilo. Lakini alivuta kiti chake kidogo, akasema, akimwita kwa jina langu: "Hakukuogopa wewe, Baba Skola. Aliogopa kuchukuliwa. Hata mimi ningekuwa ndiye ninayekuja kumchukua, angefumba hivyo hivyo."

Yalikuwa maneno ya kwanza ya huruma kuyasikia kati yao tangu babu afariki, na yakatokea ofisini, mbele ya mtu baki, wakati hayawezi tena kurudisha kitu.

Mama Ustawi hakuandika kama baba alivyosema. Aliwakalisha hadi mchana wakapanga, na hakimu baadaye akaupitisha mpango huo karibu wote. Sisi tungekaa kwa mama. Likizo ndefu tungeshuka Ilemba, na baba angeweza kutuona akija mjini wakati wowote bila kuzuiwa. Chakula, yaani mchele na mahindi, kingetoka kwake kila mavuno, pamoja na sare na viatu vya shule. Mtoto akiugua, aliye naye anampeleka hospitali na mwenzake anaambiwa siku hiyo hiyo. Hakuna kumsema mwenzake vibaya mbele ya watoto. Mama Ustawi alilirudia hilo la mwisho, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Yalikwenda. Msimu wa kwanza gunia lilifika na lori, limeandikwa jina langu kwa mkaa. Msimu wa pili lilichelewa. Mwaka bonde lilipokosa mvua halikuja kabisa, na mama akarudi kwenye lile benchi, akaitiwa baba, baba akaja na kichwa chini akaeleza shamba lilivyokauka, wakapangiwa upya. Kisha akaoa kule, akapata watoto wengine, na viatu vyetu vikawa vinakuja vidogo kwa sababu alikuwa anakumbuka miguu ya mwaka uliopita. Mama alimsema vibaya mbele yetu mara nyingine, kisha akajishtukia, akaenda uani. Kila mmoja alitimiza sehemu yake kama mtu anayepanda mlima na mzigo: kidogo, anapumzika, kidogo tena. Nimeona familia ambazo hata hicho hawakukipata.

Na likizo tulishuka. Lori lilijipinda kwenye mteremko hadi masikio yakaziba, hewa ikageuka ya moto, na chini mashamba ya mpunga yakang'aa. Mimi sikuwahi kupazoea. Nilihesabiwa kuwa mtoto wa mjini, niliogopa joto na ng'ombe wa Wasukuma waliopita na mavumbi yao karibu na uwa wa bibi. Nesto alipazoea siku ya kwanza. Alifuatana na baba shambani tangu alfajiri, akajua kufungulia maji na kuyazuia, akapata rafiki wa Kisukuma aliyemfundisha kukamua. Tukirudi Milanzi alikuwa anakaa kimya siku kadhaa, anatazama mlango. Mama aliona. Mimi nilijifanya sioni.

Alipomaliza darasa la saba, akiwa amepata nafasi sekondari, alimwambia mama kwamba anataka kuhamia kwa baba na kusoma huko huko bondeni. Alimwambia mchana, mama amerudi kula, mkono bado uko kwenye bakuli. Alisema vizuri, kwa heshima, na nikaona kwamba alikuwa ameyapanga maneno yale kwa muda mrefu.

Mama alimaliza kula. Akanawa. Akamuuliza kama baba yake anajua, akasema anajua, ila amemwambia aombe kwanza kwa mama. Akamuuliza kama ana neno lolote baya na nyumba hii, akasema hapana. Mama akasema basi, ngoja sare zikauke.

Nilimfuata uani nikiwa na hasira. Nilikuwa msichana mkubwa, nasoma, najua haki. Nikamwambia hukumu ilisema anakaa kwako, twende ofisini, hawezi kuamua mwenyewe kwa sababu ya ng'ombe na maji.

"Ile hukumu ilikuwa ya mtoto aliyekuwa hawezi kusema anakotaka," mama akasema. "Huyu amesema."

Nesto aliondoka siku tatu baadaye, akiwa juu ya magunia ya mbolea, na sweta ambalo asingelihitaji. Mama alimkabidhi kwa utingo, akamtajia mahali pa kumshusha, akamrudia utingo mara ya pili kumtajia tena. Lori lilipoondoka hakungoja lipotee. Alikwenda kazini.

Jioni simu yake ndogo ikaita. Alikuwa kwenye kigoda, unga kwenye nyusi, miguu imenyooka. Alikuwa baba. Kwa kawaida simu zao zilikuwa fupi, kuhusu gunia limepakiwa lori gani. Siku hiyo mama aliuliza kama mtoto ameshapewa chandarua, kwa sababu amezoea baridi na hajui mbu. Akauliza atalala chumba kipi. Akamweleza baba kwamba kikohozi kikimwanza asimkimbilie dukani, ampeleke zahanati, na kwamba akikasirika haongei, aachwe tu, huja mwenyewe. Baba naye alionekana kuuliza, kwa sababu mama alikuwa ananyamaza, kisha anajibu: ndiyo, usiku anajifunua. Ndiyo, hesabu anaiweza, ila mwandiko mbaya. Nilikaa mlangoni nikiwasikiliza. Walikuwa wanazungumza kama wahudumu wawili wa wodi moja wanaopokezana zamu, mmoja ametoka, mmoja anaingia, na mgonjwa ni wao wote.

Alipomaliza aliiweka simu juu ya goti.

"Amefika," akaniambia. "Wamempikia samaki, amekula." Kisha akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, akaniomba nimvue viatu.